Sifa za Kidirisha Kinachochomoza

Kidirisha kinachojifungua chenyewe kimetukanwa tangu miaka ya 1990, na hakijawahi kununa. Mtu anabonyeza kitufe, mara kimemkalia juu ya ukurasa aliokuwa akiujaza. Hata mgeni aliyekwisha kupewa jembe hana ujasiri huo.

Ukoo wake unajulikana. Huko Marekani, kampuni moja ya magari ilikasirika kuona tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wa ngono. Ethan Zuckerman, mfanyakazi wa Tripod, akaandika programu ya kulifungua tangazo katika dirisha lake la pembeni. Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani. Radhi ya nini, ilhali kizazi chake kinawalisha watu hadi Garsen, Kenya?

Ingia saiba yoyote mjini humo. Mzee kutoka Tarasaa anabonyeza “Endelea”; kimya. Anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kimya. Kijana wa saiba anainama, anamwonyesha alama ndogo mwishoni mwa sehemu ya anwani: kivinjari kimekizuia kidirisha. Anakiruhusu, ukurasa unapakiwa upya, na majina matatu, namba ya kitambulisho na sanduku la posta vyote vimefutika. “Tuanze tena, mzee.” Dakika zinahesabiwa, na bili nayo.

Wanaokichukia wana hoja zao. Mwaka 1999 Jakob Nielsen, bingwa wa utumizi rahisi wa tovuti, aliorodhesha kufungua madirisha mapya miongoni mwa makosa makubwa ya wabunifu, na mwaka 2004 Microsoft ikaweka kizuizi ndani ya Internet Explorer. Kidirisha hakikubishana nao, kilihamia ofisini. IFMIS, mfumo wa fedha unaotumiwa na serikali za kaunti za Kenya, ile yenye makao yake Hola ikiwemo, umejengwa juu ya programu ya Oracle, ambayo fomu zake kwa desturi hufunguka katika dirisha la peke yake. Mhasibu asiyeruhusu vidirisha hafiki kwenye fomu.

Na kina wema wa kweli: maelezo ya msaada yakifunguka kando, fomu iliyojazwa nusu hubaki salama nyuma yake.

Lakini uhodari wake wote huonekana kwenye simu. Kioo ni kidogo, kwa hiyo kidirisha hukifunika chote na kujifanya ndicho ukurasa wenyewe. Mtumiaji anabonyeza kurudi nyuma, mara nyingine hakuna nyuma. Anaamua kukifunga kwa hasira, na akipapasa vibaya, anaufunga ukurasa wenye fomu na kukiacha chenyewe kimekaa.