Mayai Hayabetiwi

Kwenye kompyuta, rezista ya kilo-omu 10 ni ya kilo-omu 10 kamili. Kwenye kibahasha cha nailoni kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, rezista hiyo hiyo imevalishwa pete ya dhahabu inayokuonya waziwazi: asilimia 5 juu au chini, usije ukalalamika.

Nisingejali, ila mashine ilikuwa ya mama, ya kuangulia vifaranga, hapa kwetu Machakos. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 kwa siku 21, na halijali cheti chako. Kidhibiti chenyewe hakina makuu: thamista, rezista tatu, kilinganishi na rilei ya kuwasha balbu. Lakini thamista ya kawaida, karibu na joto hilo, hubadilika asilimia 4 hivi kwa kila nyuzi. Rezista moja ikikosea kwa asilimia 5, joto limeshahama zaidi ya nyuzi moja. Zote tatu na thamista yake zikikosea kuelekea upande mmoja, zimefika kama nyuzi tano. Hapo huangui tena, unapika.

Dawa yake ni hesabu ya Monte Carlo. Kila rezista unaiwekea mipaka badala ya thamani moja, kisha unaiamuru programu ya kuigiza saketi irudie jaribio mara mia, kila mara ikijiokotea thamani kwa bahati nasibu.

Mpwa wangu alijitolea kuchapa. Rezista ya nne, niliyoiongeza kuzuia rilei isitapetape, ilikuwa ya megaomu 1, akaandika 1M. Kumbe kwa SPICE, ndiyo programu yenyewe, iliyozaliwa Berkeley miaka ya 1970, M ni mili. Mega huandikwa Meg. Balbu ikawaka isizime, katika mashine zote mia. Kijana akafurahi kwamba angalau zinakubaliana.

Mama akaingia na kikombe cha chai. "Monte Carlo ndiye nani?"

Nilipaswa kusema ni Mtaliano. Badala yake nikamweleza habari za Stanislaw Ulam, aliyekuwa akiugua mwaka 1946, akicheza karata peke yake na kujiuliza uwezekano wa kushinda. Na mwenzake Metropolis aliyeipa hesabu hiyo jina la kasino ya Monako, kwa sababu mjomba wa Ulam alikuwa akikopa jamaa zake ili aende huko.

Mama ni mtu wa kanisa. "Kwa hivyo unabeti na mayai yangu?"

"Hapana, Mwaitu, ni takwimu."

"Huyo mjomba alilipa deni?"

Stima ikapotea. Iliporudi tukaandika Meg na kuanza upya, na programu ikatoa thamani zile zile mia kwa mpangilio ule ule, maana bahati nasibu yake huanzia mbegu moja hadi uiambie itumie saa. Mama aliliona hilo kabla yetu. "Hata hao wa kubeti hawaibi waziwazi namna hii."

Kisha akainama akaitazama ile mistari mia ya grafu, mmoja kwa kila mashine, akaweka kidole kwenye mmoja uliopita 37.5 barabara. "Nitengenezee huu. Hiyo mingine peleka kwa mjomba."

Ilibidi rezista moja iwe ya kuzungushwa, ili joto lirekebishwe kwa kipimajoto. Mashine sasa iko sebuleni, na kila mgeni anayeketi karibu huzungusha kile kitufe akitafuta taarifa ya habari.