Namna ya Kuihoji Okidi Kando ya Barabara

Ukikuta okidi kwenye kitalu cha kando ya barabara, kati ya Donholm na Kayole, ina kibao "Okidi ya Kakamega, asili kabisa", usibishane na mwenye kitalu. Naye aliuziwa pamoja na jina hilo. Msalimie, uliza bei, kisha chuchumaa uhoji ua lenyewe.

Petali pana za duara, zinazopandana, kwenye kikonyo kirefu kilichofungiwa kijiti? Hiyo ni Phalaenopsis. Asili yake ni Asia hadi kaskazini mwa Australia. Afrika haina hata moja ya porini. Tena hii ya kitalu karibu kila mara ni chotara aliyezaliwa na machotara. Ikiwa ya buluu kama sare ya shule, tafuta kitobo kwenye kikonyo: hapo ndipo rangi ilipodungwa. Itakapochanua tena itakuwa nyeupe, na mtoto asichapwe kwa kosa la kuimwagia Jik.

Aerangis, ambayo ni yetu kweli, ina ua jeupe la nyota. Ligeuze: nyuma limening'iniza mrija mwembamba, nekta iko chini kabisa. Phalaenopsis haina mrija huo. Tazama pia ncha ya jani, imegawanyika pande mbili, mmoja umeuzidi mwenzake urefu. Kisha omba ruhusa urudi kunusa saa moja jioni, maana mgeni wa ua hili ni nondo, na harufu hungojea giza liingie.

Ansellia africana huwa ya manjano yenye madoa ya kahawia, na shinani imezungukwa na mizizi myeupe iliyochongoka kuelekea juu. Dendrobium chotara ikiuzwa kwa jina la Ansellia, mizizi hiyo haina.

Sasa, mizizi ikiwa bado imekumbatia gome la mti, mmea huo huenda umebanduliwa msituni. Uache, hata ukipunguziwa bei. Mbegu ya okidi karibu haina akiba ya chakula. Porini huota ikikutana tu na kuvu wa kuilisha, kisha huchukua miaka kabla ya kuchanua. Aliyeubandua mmea hakupanda kitu.

Chotara wa kitaluni mnunue kwa moyo mweupe. Ila wazazi wake usiwabunie. Toa kibao cha Kakamega, uandike kingine kwa penseli, kwa sababu wino hufifia juani: "Phalaenopsis, chotara, wazazi hawajulikani, Donholm", na tarehe uliyomnunua.