Muulize Bi Mizani

*Shikamoo Bi Mizani. Wiki ijayo naondoka Dar kwenda Hamburg kwa dada yangu. Begi la mkononi mwisho kilo saba. Mpaka juzi langu lilikuwa na nne. Jana mama kaleta mbuzi ya kukunia nazi, shangazi kaleta chupa ya achari, jirani kaja na maembe dodo sita. Nimkatalie nani? – Nimeelemewa, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Usimkatalie mtu, kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Tuanze na mbuzi. Mkaguzi wa pale uwanja wa Julius Nyerere haelezwi mbuzi ni nini, kwao ipo. Ndiyo maana hatakupitisha nayo: anajua ule ulimi wa chuma unavyomega kidole. Ifunge meno kwa kanga, iweke kwenye sanduku kubwa linaloshuka chini ya ndege.

Maembe mle hukohuko Mbagala. Umoja wa Ulaya unataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi analoingia nalo msafiri. Yaliyosamehewa ni matano tu: nanasi, ndizi, nazi, tende na doriani. Doriani! Aliyeandika sheria hiyo hajawahi kupanda daladala na mtu aliyelipakata. Lakini ona, nazi imo. Mama yako kawazidi wote akili.

Achari ndiyo kesi ngumu. Mwaka 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na tangu hapo viwanja vingi havipitishi chombo cha zaidi ya mililita 100, vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaoonyesha. Kinachopimwa ni chombo. Chupa ya nusu lita iliyobaki vijiko viwili bado ni ya nusu lita, hata ulie.

Mimi nililia. Nilikuwa na halua ya harusi, kijikapu kizima cha ukili. Mkaguzi akaiminya, ikabonyea. “Bibi, kinachobonyea tunakihesabu kimiminika.” Nikaketi kwenye benchi la kuvalia viatu, nikaila kwa vidole, nusu kilo, viatu vyangu bado viko kwenye trei. Nikamkaribisha. Akasema yuko kazini.

Kilo zako zipime kwa muuza mchele. Mizani yake haina huruma kama ya nyumbani.

*Bi Mizani, nimenunua pawabenki barabarani, imeandikwa mAh 100,000. Inachaji simu mara moja inazima. Niiweke begi gani? – Msomi, Kariakoo*

Pawabenki hukaa nawe juu, kamwe si kwenye sanduku la chini. Betri ya lithiamu ikishika moto, angalau pawepo mtu wa kuuona moshi. Ila mwisho ni saa-wati 100 bila kuomba ruhusa ya shirika. Zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 ni 74, inapita. Yako ni 370. Mimi na wewe tunajua ni uongo mtupu, lakini mkaguzi husoma kilichoandikwa. Utanyang'anywa kwa nguvu ambazo haina.

*Asalaam alaykum. Mume wangu huvingirisha nguo zake kama chapati, soksi ndani ya viatu, begi likapendeza. Tukifika kaunta analimwaga lote chini akitafuta pasipoti. Tunakuja Dar mwezi ujao. – Nimechoka kuokota, Muscat*

Waalaykumu salaam. Kuvingirisha anajua, kupanga hajui. Begi la mkononi hupangwa kinyumenyume: cha kwanza kuulizwa ndicho cha mwisho kuingia. Chini kabisa nguo ya kubadili, sanduku likipotea. Juu yake dawa, ndani ya boksi lake lenye jina. Kisha kompyuta, na juu kabisa ule mfuko wa vichupa. Mfuko huo usiwatie hofu mkitua: Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, huo wa vichupa vya msafiri iliusamehe, mradi msiuache nchini.

Pasipoti isikae begini, na mfukoni mwake isikae pia. Mshikie wewe. Ya mume wangu niliichukua 1998, na hajaiulizia.