Shangazi, Jopo Limenikalia Kooni

Safu hii kwa kawaida hushughulikia wakwe, wapangaji wasiolipa na wachumba wanaozima simu siku ya posa. Lakini tangu Wizara ya Utumishi wa Umma na Kazi, ambayo hapa Kigali kila mtu anaiita MIFOTRA, ianze kupokea maombi ya kazi mtandaoni, barua zangu zimebadilika. Watu wanafaulu mtihani wa maandishi, wanaitwa mbele ya jopo, wanatoka wamelowa jasho, kisha majina yanatoka wakiwa chini ya zile alama 70 kwa mia za kufaulu. Basi wiki hii mapenzi yasubiri foleni.

*Shangazi mpendwa, nina shahada, A0 ya utawala, na alama zangu za chuo ni za kujivunia. Kila nikiulizwa, "Tueleze siku uliyotatua tatizo gumu kazini," najibu vizuri kabisa: kwanza natambua tatizo, pili nawashirikisha wadau, tatu natafuta suluhu endelevu. Wanaandika, wananishukuru, wananitosa. Kosa langu liko wapi?*
*– Mwenye Vyeti, Kimironko*

Mpwa wangu Mwenye Vyeti, umeulizwa habari ya jana ukajibu ya kesho. Hao hawakutaka kujua utafanya nini siku tatizo likija. Walitaka kujua lilipokuja ulifanya nini.

Soma tangazo la kazi mpaka chini. Ukishapita masharti ya shahada na miaka ya uzoefu, utakuta orodha ambayo waombaji huiruka kwa kuwa inajirudia tangazo baada ya tangazo: uadilifu, fikra makini na utatuzi wa matatizo, ujumuishi, uwajibikaji, mawasiliano, kushirikiana na wenzako, kumjali mwananchi, weledi, na ari ya kuendelea kujifunza. Mambo tisa. Wewe uliyaona ni mapambo, kumbe maswali ya jopo yanachimbwa humo humo.

Na mtindo huu wa kuuliza haukuzaliwa hapa Kigali. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Marekani, David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala akisema alama za darasani na vipimo vya akili havitoshi kutabiri nani ataiweza kazi. Alishauri watu wapimwe kwa umahiri, kwa kuangalia wanaofanya kazi vizuri wanafanya nini hasa. Kwa hiyo cheti chako kimekufikisha mlangoni, na hapo kimemaliza kazi yake. Muuza mananasi hakuhutubii kuhusu utamu, anakukatia kipande.

Kipande chenyewe kiwe hivi. Tuseme uliwahi kufanya mazoezi ya kazi kwenye ofisi ya sekta. Badala ya wadau wako, sema:

"Ilikuwa Juni, wiki chache kabla mwaka mpya wa mutuelle, bima ya afya ya jamii, haujaanza Julai 1. Kila asubuhi watu walijaa mlangoni, na wengi walirudishwa kwa sababu majina ya kaya zao hayakulingana na yaliyo kwenye mfumo. Mimi nilipewa kazi ya kuandika malalamiko. Nikaona wengi wanatoka vijiji viwili tu. Nikaomba ruhusa kwa msimamizi wangu, jioni nikachukua daftari nikamfuata mkuu wa kijiji, tukapita kaya kwa kaya: hapa kuna mtoto ambaye hajaandikishwa, pale kuna bibi aliyekwishahamia kwa mwanawe Rwamagana. Orodha nikaikabidhi kwa afisa anayehusika, akasahihisha. Wiki iliyofuata hakuna mtu wa vijiji vile aliyerudishwa kwa ajili ya majina."

Hali, jukumu, hatua, matokeo: ndiyo mifupa minne ya jibu. Hali na jukumu zimalize kwa sentensi tatu, maana jopo halikuja kusikiliza historia ya ofisi. Muda wako mwingi uweke kwenye hatua, kisha usiondoke bila matokeo. Wengi hueleza walivyohangaika, wakanyamaza kabla ya kusema kama hangaiko lilizaa chochote.

*Shangazi, shikamoo. Nimelelewa nisijisifu. Nyumbani kwetu mtu anayesema "mimi, mimi" huambiwa anyamaze. Kwenye usaili nikasema, "Tulipanga, tukatekeleza, tukafanikiwa." Mzee mmoja wa jopo akaniuliza, "Wewe binafsi ulifanya nini?" Nikaona aibu, nikajibu, "Tulishirikiana." Nimekosea nini?*
*– Mnyenyekevu, Kicukiro*

Marahaba, mpwa wangu. Mama yako alikulea vizuri, ila yule mzee anaajiri mtu mmoja. Hawezi kuwaajiri ninyi nyote na kikundi chenu.

Tena usiniambie kwamba kujitaja si desturi ya nchi hii. Nani walisimama mbele ya mfalme wakaghani ibyivugo, kila shujaa na sifa zake? Na ile imihigo ambayo tangu 2006 mameya wa wilaya hutia saini mbele ya Rais wa Jamhuri, ni kitu gani? Ni mtu kusimama hadharani na kusema atafanya nini, kisha mwaka ukiisha anapimwa mbele ya wale wale aliowaahidi. Kinachochukiza ni majigambo matupu. Mwenye kutoa hesabu ya kazi yake hajamkosea mtu adabu.

Basi fanya hivi. "Sisi" ibaki kwenye hali: "Tulikuwa watu watano tunaoandaa mkutano wa wananchi." Ukifika kwenye hatua, shika "mimi": "Mimi nilipewa ratiba na taarifa. Niliona siku tuliyoichagua ni ya soko, nikapendekeza tuisogeze." Mwishoni warudishie wenzako haki yao: "Mwenzangu wa bajeti ndiye aliyepata viti." Kwa sentensi hizo umeonyesha uwajibikaji na ushirikiano kwa mpigo mmoja, na mama yako akisikia hatakukana.

*Shangazi, nimemaliza chuo mwaka huu. Wanataka nieleze nilivyosuluhisha mgogoro, nilivyosimamia rasilimali, nilivyofanya uamuzi mgumu. Mimi uamuzi mgumu niliowahi kufanya ni kuchagua kati ya basi na moto, pikipiki ya abiria. Nitasimulia nini?*
*– Mweupe Pe, Remera*

Mweupe Pe, hebu tufungue mkoba wako, maana hauko mtupu kama unavyolia.

Ulipomaliza sekondari ulikwenda Urugerero, ule utumishi wa vijana kwa taifa? Huko mlijenga nyumba ya mtu asiyejiweza au mlilima bustani za mboga. Ilikuwaje siku matofali yalipochelewa? Jumamosi ya mwisho wa mwezi unakwenda umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, au unajifunika blanketi mpaka saa tano? Kama unakwenda, nani aliandika mahudhurio, na nani aliwapatanisha wale wawili waliogombea mtaro unaopita kati ya viwanja vyao? Kwenye kwaya au msikitini hukuwahi kushika fedha za sare? Hukuwa katibu wa ikimina cha darasa, mkichanga kila Ijumaa, na mmoja akakopa akabadili namba ya simu?

Huyo aliyekopa ndiye utajiri wako. Eleza mlikubaliana kanuni gani, wewe ulimfuata vipi bila kumwaibisha, alilipa kiasi gani, na baadaye ulibadilisha nini ili lisijirudie. Hapo pana usimamizi wa fedha, mawasiliano, uadilifu na kujifunza. Kisa kimoja kilichoiva kinajibu maswali manne.

Chukua karatasi, yaandike yale mambo tisa upande wa kushoto, na upande wa kulia andika kisa kimoja kwa kila moja. Ukikuta pengo, usilijaze kwa uongo. Mwulize aliyesoma nawe, maana watu wengine hukumbuka mema yetu kuliko sisi wenyewe. Kisha simulia kwa sauti, saa mkononi, dakika mbili mpaka tatu kila kisa. Msimulie mtu asiyejua kazi hiyo. Akiuliza "Halafu?" jua umekatisha mapema.

*Shangazi, rafiki yangu alipasi kwa kisa cha kuokoa bajeti ya shule. Nikakichukua, nikakipamba kwa kompyuta ile inayoandika yenyewe, nikakikariri. Jopo likaniuliza, "Mkuu wa shule alisemaje ulipomwonyesha?" Rafiki yangu hakunipa sehemu hiyo. Nikakohoa. Nikaomba maji. Maji yakaisha. Nifanyeje safari ijayo?*
*– Mkohozi, Gisozi*

Pole kwa kikohozi, mpwa wangu. Dawa yake haiuzwi famasi.

Swali la kwanza la jopo ni hodi tu. Usaili wenyewe uko kwenye yale yanayofuata: alisemaje, kwa nini hukuchagua njia nyingine, ungerudia leo ungebadilisha nini? Mwenye kisa hujibu bila kutafuta, hata akipotea njiani, kwa kuwa alikuwepo. Wewe umekuja na picha ya nyumba ya mwenzio. Ukiulizwa choo kiko wapi, lazima ukohoe.

Kompyuta yako itumie kwa kazi halali: ipe tangazo, iombe ikuulize maswali magumu, wewe ujibu kwa visa vyako. Na kumbuka kwamba la kwanza kwenye ile orodha ya mambo tisa ni uadilifu. Umeanza kuanguka kabla hujafika la pili.

*Shangazi, mjomba anasema anamfahamu mtu "pale ndani" anayeweza kuniwekea alama. Anataka laki tano tu. Mama ameshauza ng'ombe. Nisome au nisisome?*
*– Mwenye Mjomba, Nyabugogo*

Soma, mwanangu, na umwambie mama amfuate aliyemnunua yule ng'ombe kabla hajachinjwa.

Sheria ya kupambana na rushwa ya 2018 haimtazami anayeomba peke yake. Inamtazama na anayetoa. Kifungo ni zaidi ya miaka 5 mpaka 7, na faini ni mara tatu mpaka tano ya kilichotolewa. Piga hesabu ya laki tano zako uone zinafika ng'ombe wangapi. Tena wajomba wengi wa aina hii hawamjui mtu yeyote pale ndani. Husubiri majina yatoke: ukifaulu kwa jasho lako, anasema ni yeye, ukianguka, anasema "wamebadilisha jopo".

Kama kweli unaona umeonewa, njia ipo na haina bei. Kata rufaa kwa maandishi, mapema, ndani ya muda uliowekwa, na Tume ya Utumishi wa Umma ipo kwa ajili ya malalamiko kama hayo. Rufaa nayo inataka ushahidi. "Nilihisi hawakunipenda" haifiki popote.

*Shangazi, shikamoo. Nimekulia Ngara, Tanzania, nikarudi nyumbani nikiwa mkubwa. Kiswahili changu kinatiririka, Kinyarwanda kinatosha, Kiingereza kinachechemea. Kiswahili si lugha rasmi hapa? Naweza kuwajibu kwa Kiswahili?*
*– Mtoto wa Mpakani, Nyamirambo*

Marahaba. Ni lugha rasmi tangu 2017, miaka kumi baada ya Rwanda kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini tazama tangazo lako: mara nyingi utakuta wanataka Kinyarwanda pamoja na Kiingereza au Kifaransa. Jibu kwa lugha waliyoitaja, hata ikichechemea, kwa sentensi fupi. Kisa cha kweli kilichosimuliwa kwa Kiingereza cha kawaida hulishinda shairi lisilo na kitu ndani.

Kiswahili chako usikitangaze kama sifa. Kisimulie kama kazi uliyofanya nacho. Uliwahi kumsaidia dereva wa lori kutoka Dar es Salaam aliyekwama mpakani Rusumo kwa karatasi asizozielewa? Sema ulivyomtafsiria, nini kilikuwa kimekosewa, na lori liliondoka saa ngapi.

Majibu ya mkato

*Moto imenivuruga nywele na helmeti. Nipande basi?* Panda unachotaka, ila fika mapema ukiwa na kitana. Jopo halitoi alama za nywele, lakini wewe ukijua zimesimama hutakumbuka kisa chako.

*Wakiniuliza udhaifu wangu, niseme "nafanya kazi kupita kiasi"?* Kila jopo la Kigali limeshakutana na huyo mchapakazi. Taja udhaifu wa kweli unaotibika, kisha eleza dawa unayotumia na ilipofikia.

*Wameniuliza kuhusu siku niliyoshindwa. Niseme sijawahi?* Ukisema hivyo, watajua hujawahi kujaribu. Chagua jambo uliloshindwa ukalirekebisha mwenyewe, na usimtupie lawama bosi wako wa zamani.

*Nimefaulu lakini nafasi ilikuwa moja, ikachukuliwa na aliyenizidi.* Jina lako linaingia kwenye orodha ya akiba, linaweza kuitwa. Wakati unasubiri, endelea kuomba. Orodha hailipi kodi ya nyumba.

*Mwishoni wakaniuliza, "Una swali?" Nikasema hapana, nikakimbia.* Safari ijayo usikimbie. Waulize: "Miezi sita ya majaribio ikiisha, mngependa niwe nimekamilisha nini?" Watakalojibu liandike ukitoka. Ukipata kazi, ndiyo imihigo yako ya kwanza. Ukiikosa, umeshajua jopo lijalo litakuuliza nini.