Mswahili Aliyetoka Katika Maziwa

Kwa Bi Mkubwa wangu, na Baba Mdogo, na jamaa wote wa Malindi, Unguja.

Nakuarifuni kuwa mimi ni mzima wa afya, wala sina neno ila baridi, ambayo hapa Meru haiji kama mgeni apigaye hodi bali hukaa kama mwenye nyumba, hata kanzu ile iliyonitosha kwetu kwa sala, kwa harusi na kwa maziko, hapa nimelazimika kuivalia sweta mbili juu yake. Katika barua yenu ya mwisho mliniuliza, kwa dhihaka niliyoinusa kabla sijafungua bahasha, kama ni kweli kwamba muuza karafuu na iliki aliyevuka bahari, akapita Dar es Salaam, Arusha, Namanga na Nairobi, kisha akavuka mto Thuci, na mbele yake akavuka ikweta yenyewe, sasa amegeuka Mmeru kwa ulimi. Jawabu langu ni refu. Kwa hiyo, Bi Mkubwa, tafadhali vaa miwani yako, na huyo kijana aliyekuleteeni barua hii mwambieni akae kitako apewe kahawa, asiachwe akisimama mlangoni.

Kwanza sina budi kukiri ghururi yangu. Nilitoka kwetu nikiamini kuwa mtoto wa Unguja, ambaye lahaja ya mama yake ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu, hawezi kushindwa na lugha yoyote ya Kibantu, maadamu lugha hizo zote ni binamu zetu, na binamu kwa binamu hawahitaji mkalimani. Siku za mwanzo nilipata ithibati ya kunidanganya: mtu kwa Wameru ni muntu, nyumba ni nyomba, nyama ni nyama, na mgeni, ambaye ndiye mimi, ni mugeni. Nikajipa ahadi kuwa Ramadhani haitaingia ila imenikuta natoa hotuba.

Nisilolijua ni kwamba Kimeru kina irabu saba na sisi tunazo tano, na zile mbili zilizozidi, wanazoziandika kwa kuzivika i na u kofia, hukaa mahali fulani baina ya zetu, kama abiria aliyejibana kati ya watu wawili wanene katika daladala. Fauka ya hayo, sauti kwao hupanda na kushuka, na kupanda huko si pambo bali ni maana yenyewe, ilhali Kiswahili chetu kiliuacha mchezo huo zamani. Tena b yao hutamkwa kwa midomo isiyokutana barabara, kama ya mtu apulizaye chai ya moto, na yangu hupasuka kama mlango uliopigwa na kusi. Kwa hiyo nikisema ibwega, yaani ni vyema, walio karibu hugeuka kutazama nini kimeanguka. Herufi moja tu niliimudu tangu siku ya kwanza, nayo ni ile waiandikayo th na kuitamka kama dh ya dhahabu yetu. Hiyo nawalipa taslimu, na nikibahatika kupata neno lililo nayo hulirudia mara mbili ili soko lote lisikie.

Soko lenyewe ni Gakoromone, na meza yangu imekaa baina ya mama auzaye ndizi na mama auzaye maziwa. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa watu wasikiao lugha yao kinywani mwa ajinabi wamegawanyika makundi. Kundi la kwanza ni la wachekao, na kicheko chao hakina inda, walakini kina ukarimu uliopita kiasi, kwa sababu mtu wa kundi hili hacheki peke yake: husema, "Ngoja kwanza," akaenda kumwita dada yake, na dada akamwita shemeji, nami nikatakiwa kusema muga, ile salamu yao, kwa kila mmoja wa ukoo huo kwa zamu, kama mtu anayepokea mkono wa tanzia.

Kundi la pili ni la wasifuo. Mtu wa kundi hili nikimwambia neno moja tu, hupiga makofi akasema, "Aa, wewe waongea Kimeru kutushinda sisi!" Mwanzo nilivimba kichwa, baadaye nikang'amua kuwa sifa kubwa kwa neno dogo ni namna ya upole ya kumjulisha mtu kuwa hapakuwa na aliyetarajia kitu kutoka kwake, kama vile mtoto mchanga asifiwavyo kwa kusimama dede. Asifiwaye hivyo hukaribishwa barazani kwa taadhima kuu, lakini mlango wa ndani haufunguliwi.

Kundi la tatu ni la wakimbiao. Mimi huuliza bei ya ndizi kwa Kimeru, nikajibiwa kwa Kiswahili. Nikaendelea kwa Kimeru, wakaendelea kwa Kiswahili. Na siku moja tulisimama hivyo kwa muda wa robo saa, kila mmoja ameng'ang'ania lugha ya mwenzake, kama watu wawili waliobadilishana viatu mlangoni mwa msikiti na kila mmoja anaona haya kusema.

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Mama wa maziwa aliniuliza kwetu ni wapi, na swali hilo lilinikuta nimejiandaa, kwa kuwa juma zima nilikuwa naisuka sentensi ya kumwambia kuwa kwetu ni kisiwani, katikati ya bahari. Lakini kwa Kimeru iria ni maziwa, na iria vilevile ni ziwa au bahari; wenyewe hawakosei, na mimi sikio langu halijaona mpaka uliopo. Nikasimama wima, nikaitoa sentensi yangu kwa fasaha yote niliyojaliwa, nikamwarifu mama yule, mbele ya mashahidi, kuwa mimi nimetoka katikati ya maziwa. Hakucheka. Alifunua mtungi wake polepole, akachungulia ndani, kisha akaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa, "Na wenzako wangapi wamebaki humu?"

Tangu siku hiyo jina langu sokoni ni Yule wa Maziwa. Usiku ule nililala na hasira, nikiilaumu lugha isiyoweza kupambanua kinywaji na bahari, mpaka karibu na alfajiri nikakumbuka kuwa sisi, wenye lahaja iliyochaguliwa, twanywa maziwa asubuhi, na Victoria na Tanganyika nayo twayaita maziwa, tukavua samaki ndani yake bila kuona ajabu yoyote. Wala sikumbuki kumwonea huruma ajinabi hata mmoja aliyekwama hapo.

Wazee nao wana hesabu yao na mimi. Husimulia kuwa asili ya Wameru ni pwani, mahali paitwapo Mbwaa, ambapo baadhi ya wataalamu wamepatafuta katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Na kuwa huko walitawaliwa na watu waitwao Nguo Ntuni, yaani Nguo Nyekundu, waliowadai mambo yasiyowezekana, kama vile mkuki wa kufika mbinguni na makubadhi yenye manyoya pande zote mbili, hata wakachoka, wakatoroka, wakavuka maji. Mimi sikuijua hekaya hiyo nilipochagua, katika mitumba, sweta ya tatu kwa ajili ya baridi ya Julai, na kwa bahati yangu ilikuwa nyekundu. Nilipoingia nayo katika mkahawa wa chai mzee mmoja aliinua bakora yake akapaza sauti: "Nguo Ntuni! Mmetufuata hata huku?" Halafu akanivutia kiti, akasema, "Nyinyi mlitudai mkuki wa kufika mbinguni. Sisi tunakudai kitu kimoja chepesi: tamka jina la kijiji changu." Nilijaribu mara sita. Mara ya sita akanipa mkono, akasema, "Basi, tumelipana."

Na msidhani kuwa Kimeru ni kimoja. Ni nyumba yenye vyumba vingi: kuna cha Imenti, cha Tigania, cha Igembe, cha Mwimbi, cha Muthambi, cha Tharaka, na Wachuka nao wana chao. Mwalimu wangu ni kijana wa Maua, muuza miraa wa Igembe, naye amenifunza kama alivyofunzwa na mama yake. Basi watu wa Imenti husema nimeharibiwa na Igembe, na bibi mmoja wa Chuka alinisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akamwuliza jirani yake ninaumwa na nini.

Mwezi uliopita nilipeleka mdalasini Embu, mwendo wa kilomita mia na zaidi, na Kiembu ni jirani wa Kimeru ila kina mapenzi makubwa na herufi v, kama mnavyoweza kuona katika majina ya vijiji vyao, Kevote na Mavuria. Nikamsalimu mwenye duka kwa lugha niliyo nayo, pamoja na b yangu ipasukayo na irabu zangu tano zilizonyooshwa zifike saba. Akanitazama, akacheka, akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu ni Mmeru." Bi Mkubwa, miaka miwili nimekaa Meru sijaitwa Mmeru hata siku moja, imenibidi kuihama Meru ili niwe Mmeru. Nilimpa mtu yule kibaba cha iliki bure, naye hajui mpaka leo kilikuwa cha nini.

Lakini nimechunguza, nikaona makofi hayagawiwi kwa insafu. Mzungu ashukaye gari akitoka mbuga ya wanyama, akasema muga kwa sauti ya mtu aliyeungua ulimi, hupigiwa vigelegele. Na Msomali anunuaye miraa kule Maua, avutanaye bei kwa Kimeru tangu alfajiri mpaka mizigo inapofungwa katika majani ya migomba, hakuna amwambiaye ahsante, kwa sababu yeye amedhaniwa kuwa anatafuta faida, na Mzungu amedhaniwa kuwa ametoa heshima. Wala si tabia ya Meru peke yake. Binamu yetu aendaye Guangzhou kununua bidhaa aniambia kuwa Kikantoni kina toni sita, na kuwa kila akitaja bei kwa Kikantoni chake wenye maduka huitana waje wasikie, kisha humjibu kwa kikokotoo.

Alikuwako Mwingereza mmoja, H. E. Lambert, aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa Meru katika miaka ya 1930, akayachunguza mambo ya watu wa huku kwa makini, kisha katika miaka ya 1950 akaandika vitabu juu ya lahaja zetu za pwani, Kivumba, Chijomvu na Chichifundi. Namtaja si kwa sababu ya utawala wake, ambao sina haja nao, bali kwa sababu ameniaibisha: alizitegea sikio lahaja ambazo sisi wa mjini tukizisikia hutazamana na kukonyezana. Je, Mmakunduchi, ambaye tumegawana naye kisiwa kimoja, hatujamcheka mpaka akaanza kusema kwa sauti ya chini akifika Darajani? Na askari wa bara aliyesema mbasi kwa basi, na ngari kwa gari, ni nani aliyemwigiza barazani kwa juma zima kama si mimi? Kule nilikuwa kadhi. Hapa nimekuwa mshtakiwa, na kesi ni ile ile.

Sasa nikutajieni kundi la nne, ambalo ni dogo kuliko yote. Juma lililopita nilimlipa mama wa maziwa nikapunguza shilingi 20, kwa kusahau, naapa. Alinikaripia kwa Kimeru, mbio mbio, bila kunipunguzia mwendo na bila kucheka. Nami nikajitetea kwa Kimeru, na katikati ya ugomvi nikakosea irabu, naye akaisahihisha irabu hiyo kama mtu aondoaye unyuzi begani mwa mwenzake, kisha akaendelea kudai haki yake pale pale alipoachia. Hakunisifu. Hakunihamia Kiswahili. Nililipa shilingi zangu 20, na sijapata kununua kitu kwa bei rahisi kama hiyo.

Huyo kijana mliyempa kahawa ni mwanawe. Amekuja Unguja kutafuta kazi ya hoteli, na Kiswahili chake kina mbasi na ngari, na r na l zake huenda zikasafiri. Basi nakuombeni, kwa haki ya maziwa niliyoyanywa kwa mama yake: msimcheke mpaka akanyamaza, msimsifu kama mtoto aliyesimama dede, wala msimgeukie kwa Kiingereza. Akikosea, msahihisheni na mazungumzo yaendelee. Akipunguza pesa, mdaini. Na kesho asubuhi akisema kwa lafudhi yake kuwa anataka maziwa, mpimieni maziwa, wala pasiwe na wa kumwuliza kama ni Victoria au Tanganyika.

Wasalaam. Ni mimi mwanenu, Nguo Ntuni wa Gakoromone.