Sifa za Tarehe ya Kompyuta

Aghalabu watu huilaumu kompyuta ikosapo tarehe, nami naona wanaidhulumu, kwa kuwa sijapata kuona karani mwenye hisani kama yake. Baba yangu mkubwa, mvuvi wa Musoma aliyestaafu, hajui siku aliyozaliwa ila kwamba mvua zilikuwa nyingi na Uhuru ulikuwa bado. Alipokwenda Bunda kuandikishwa katika afisi moja, nafasi ya tarehe ikaachwa tupu, na ile mashine, isiyostahimili kumwona mja hana siku ya kuzaliwa, ikamtunukia 01/01/1970, saa 03:00. Mzee aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni, akatembea kama kijana.

Hiyo saa tisa ya usiku haikuzuka bure. Mashine huhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa siku ile kwa saa za Greenwich, nasi tumezitangulia kwa saa tatu. Palipo patupu huandika sifuri, na sifuri ndiyo siku hiyo. Aliyezaliwa kabla yake huingia daftarini kama mwenye deni: Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama wa tarehe 13 Aprili 1922, anadaiwa sekunde bilioni moja na nusu hivi. Ama baba yake, Mtemi Nyerere Burito, mtu wa karne ya 19, hamo kabisa katika mashine zihifadhizo wakati kwa biti 32, ambazo kwa nyuma hukomea 13 Desemba 1901. Nami nalihesabu hilo kuwa ni staha, maana mtemi hadaiwi.

JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nayo ina ukarimu wake. Januari kwake ni mwezi wa sifuri, hata ukiiandikia mwezi wa 7, siku ya 7, itakupa tarehe 7 Agosti, ili aliyeikosa Saba Saba aamkie Nane Nane. Saa zetu za Kiswahili haizijui, wala haijisingizii kuzijua.

Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, jua la Musoma likiwa halijachomoza, sekunde zitatimia 2,147,483,647, na mashine za biti 32 zitakazokuwa zimesalia zitarudi ghafla 1901, zama za Mtemi. Mwenye vyeti vya karatasi asivitupe.