Kikao Chini ya Boneti

Gereji moja, Industrial Area, Nairobi. Volkswagen Golf ya 2002 iko boneti wazi. Fundi ameenda kunywa chai.

STATA: Mimi nimezungusha. Petroli imefika, plagi zimechoma, injini imewaka. Sekunde moja tu, kimya! Nani ameizima?

KOMPYUTA MPYA: Mimi. Kwa mujibu wa utaratibu.

STATA: Utaratibu gani, na wewe umeletwa asubuhi umefungwa kwenye gazeti?

KOMPYUTA MPYA: Adabu, kijana. Nimevuka bahari kutoka Uingereza. Gari langu la kwanza lilinifunza nisimwashie injini nisiyemjua.

UFUNGUO: Lakini Mama Dashibodi ananijua! Chipu iliyo kichwani mwangu haina hata betri. Koili ya kwenye swichi huipa nguvu, nayo ikajitambulisha.

DASHIBODI: Mwanangu nimemtambua. Tatizo ni huyu mpangaji. Namsalimu kwa siri ya nyumba hii, ananijibu kwa siri ya nyumba nyingine.

KOMPYUTA MPYA: Namba ya chasi niliyoandikiwa ina tarakimu na herufi 17, Mama. Yako inaanza vizuri, mwishoni inapotoka.

STATA: Kwani fundi hakulinganisha namba kabla ya kukununua?

KOMPYUTA MPYA: Alilinganisha za kwenye lebo. Hizo zinafanana kabisa. Mimi nazungumzia za ndani.

STATA: Basi Ufunguo yuko sahihi, Mama yuko sahihi, wewe uko sahihi, na gari haliondoki. Mwenye gari huyo hapo kwenye benchi, ameshika logibuku yake.

KOMPYUTA MPYA: Logibuku sijafunzwa kuisoma. Kazi yangu ni kuzuia wezi.

UFUNGUO: Na hadi sasa umemzuia nani?

KOMPYUTA MPYA: Mwenye gari. Hakuna mwingine aliyejaribu.

Sauti inatoka kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

KOMPYUTA KUUKUU: Niruhusuni niseme.

KOMPYUTA MPYA: Marehemu hana kauli.

KOMPYUTA KUUKUU: Sikufa kwa uzee, nilizama. Makao yetu ni chini ya waipa, na matundu ya kutolea maji yalizibwa na maua ya jakaranda. Gari lilikuwa likioshwa kila Jumapili likameremeta, hakuna aliyewahi kuingiza kidole pale. Ikaja mvua ya vuli.

DASHIBODI: Pole, Mzee. Taa zangu ziliwaka zote siku ile, wakadhani ni balbu.

KOMPYUTA KUUKUU: Ndani yangu kuna kichipu cha miguu 8. Kinatunza kilichoandikiwa hata umeme ukikatika, na maji hayakukifikia. Siri ya nyumba, namba ya chasi, vyote vimo. Fundi akisome, amwandikie huyu mgeni.

KOMPYUTA MPYA: Nikiandikiwa hayo, mimi nitakuwa nani?

KOMPYUTA KUUKUU: Utakuwa mimi.

STATA: Na ule msimamo wako?

KOMPYUTA MPYA: Upo. Nitausimamia vilevile, ila sitakumbuka kwamba niliwahi kumkataa Ufunguo.

DASHIBODI: Mnasikia? Muuza spea anampigia simu mwenye gari. Anataka arudishiwe kompyuta mbovu, ampunguzie bei.

STATA: Mwambieni akatae! Asimpe mtu ile kuukuu mpaka kichipu kisomwe na injini iwake. Na akitoka hapa, azibue yale matundu kabla ya mvua nyingine.